Pande Tatu za Kigabiro cha Kabuzi

Mti wa kwanza niliopewa kuupima kazini niliupima vibaya, na msitu wa kwanza niliopewa kuuchora niliuchora vibaya zaidi. Kosa la mti lilisahihishwa siku hiyohiyo. La msitu lilikaa ndani ya jalada karibu muda wote wa utumishi wangu, na nusura nistaafu nikiliacha humo.

Wenzangu, mliponiaga kazini mlisema, "Mama, ukipata nafasi tuandikie chochote cha kazini." Nafasi ninayo tele. Niko Nshambya, barazani kwangu, kahawa imeanikwa uani, kuku wanaifuata na mimi nawafukuza kwa daftari hilihili ninaloandikia. Vyeo nilivyopanda na mshahara nitaviruka, maana havimfundishi mtu kushika dira. Nitaandika yale ambayo bado yananifanya niinuke kitini nikiyakumbuka, na mnivumilie nikienda mbio. Nimekuwa hivyo tangu utotoni, na mtaona hilo limenigharimu nini.

Niliripoti Muleba nikitokea chuoni, nimevaa viatu vyeupe vya kufunga kamba. Kwetu ni Kaagya, nimekulia ndani ya kibanja cha migomba na kahawa, matope nayajua vizuri sana, ila nilitaka waone kwamba afisa amefika. Aliyenipokea alikuwa Mzee Rwegoshora, mlinzi wa misitu, mtu mfupi mwenye kifua kipana, ambaye hakusoma kupita darasa la nne na alijua kila mti wa wilaya ile kwa jina la Kihaya na kwa tabia. Aliviangalia viatu vyangu, akaingia stoo, akatoka na gambuti za mguu wa mwanaume. "Hivyo vyako utavaa kanisani," akasema.

Akanipeleka kwenye msizi mkubwa ulioota kwenye mteremko, akaniambia niupime unene. Chuoni tulifundishwa kupima usawa wa kifua. Nikauzungushia mkanda kifuani pangu, nimesimama upande wa chini wa mti, nikasoma namba kwa sauti. Mzee akaniuliza, "Kifua cha nani?" Nikasema changu. Akakata fimbo ya mita moja na sentimita thelathini, akaisimamisha upande wa juu wa mteremko, akanionyesha mkanda unapopaswa kupita. Kilikuwa kimo tofauti kabisa. "Mti hauna habari na kifua chako," akasema. Fimbo ile nilitembea nayo mpaka ikaoza, nikakata nyingine. Ninyi leo mna simu zinazopima, hongereni, lakini simameni upande wa juu.

Kitu cha pili alichonifundisha kilikuwa namna ya kuingia kwenye mji wa watu. Kwanza salimia, na kwetu salamu ina ngazi zake, usizirukie. Pili kaa. Tatu ukipewa kahawa ya kutafuna, tafuna. Nne nyamaza. Alisema ukifika hatua ya tano unakuta umeshaambiwa ulichokuja kuuliza. Mimi ya kwanza na ya pili niliziweza haraka. Ya nne sijaiweza mpaka leo, muulizeni mume wangu.

Sasa Kabuzi. Kwa wale mliotoka mikoa mingine, kigabiro ni kipande cha msitu wa asili, mara nyingi kilimani au penye chemchemi, ambacho wazee wa zamani walikitenga kwa kutolea sadaka kwa mizimu ya ukoo. Hakikatwi, hakilimwi, hakichungiwi. Watu wa sasa ni Wakatoliki, Jumapili wako kanisani wamechomekea, lakini mwambie mmoja wao aende kukata kuni kigabironi uone atakavyokumbuka kwamba ana shughuli nyingine. Huko Kaagya kwetu, karibu na misheni, kigabiro kilikatwa kabla sijazaliwa, kwa hiyo mimi Mhaya nilikuwa sijawahi kuingia kwenye kimoja hata siku moja. Hilo sikumwambia mtu ofisini.

Wilaya ilitaka misitu yote iliyo kwenye ardhi ya vijiji iorodheshwe na mipaka yake ichorwe. Mzee Rwegoshora alikuwa amelala na malaria, nikapewa Kabuzi peke yangu. Jamani, furaha niliyokuwa nayo. Kabuzi ni kilima kirefu, ukisimama mgongoni mwake unaliona ziwa mpaka visiwani, na msitu umekaa juu yake mzito, mweusi, unatoa ukungu wake wenyewe asubuhi. Nilikwenda na dira, mnyororo wa kupimia na penseli mbili.

Nilielekezwa kwa Ta Kaijage. "Ta" ndivyo tunavyomwita mwanaume mzima mwenye heshima yake. Alikuwa katekista wa kigango, sauti nzito kuliko zote kwenye kwaya, na ukoo wake ndio uliolinda chemchemi ya Kabuzi tangu enzi za mababu. Alinipa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nilichukua punje mbili nikazimeza nzimanzima ili tuondoke.

Ukingoni mwa msitu alivua viatu. "Vua na wewe, na hilo panga liache hapa." Tukaanzia kwenye chemchemi, tukapanda tukifuata milamula. Mlamula mnaujua, ule mti mwembamba wenye majani marefu tunaoupanda mipakani. Hata leo watu wakigombania shamba, mlamula ndio unaoitwa shahidi. Ta Kaijage aliugusa kila mmoja kwa kiganja, mimi nikasoma dira na kuandika. Kazi ilikuwa safi kabisa. Tulipofika kwenye mti mmoja mkubwa wa mtoma juu ya mteremko, akaketi chini.

Nikamwuliza, "Na huko mbele, mzee?"

"Huko sikusemei."

"Kwani msitu unaendelea?"

"Bibi Misitu, mimi nimekuonyesha kwangu."

Mbingu ilikuwa imefunga upande wa ziwa, mvua inakuja. Mbele yangu niliona kichaka na ukungu, nikajiambia hicho ni kichaka tu. Mtu mwingine angeuliza, angekaa, angengoja. Mimi nilikunja mnyororo, nikashuka mbio, na mezani kesho yake nikachukua rula nikaunganisha ule mtoma na ile chemchemi kwa mstari mmoja ulionyooka. Ng'ambo ya mstari nikaandika "nyasi na vichaka". Ramani ilipendeza sana.

Mzee Rwegoshora aliporudi kazini, amekonda, aliikagua kwa muda mrefu. "Umezunguka wote?"

"Ndiyo."

"Kwa miguu au kwa penseli?"

"Kwa miguu, mzee."

Akanitazama usoni, akachukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya yangu. Hilo ndilo lililoniuma miaka yote. Alikuwa hajui kusema uongo kuhusu mpaka, kwa hiyo hakujua kuushuku.

Miaka ikaenda. Nilipanda vitalu, nilizima moto kwenye rweya, yale maeneo yetu ya nyasi tupu, nilirushiana maneno na wachoma mkaa, nilizaa watoto watatu na wote nikawanyonyesha nikiwa na ripoti pajani. Nikaanza kuwafundisha wenzangu kupima mipaka. Nilikuwa mkali. Mtu akiniletea mstari ulionyooka kupita kiasi namrudisha porini, na wote mlionicheka kwa hilo sasa mnajua ulitoka wapi ukali huo.

Kisha siku moja nilitumwa ufukweni, huko huko Muleba, kwa sababu tulisikia wavuvi wa visiwani wanakata kuni za kukaushia samaki kwenye kigabiro kingine, kilicho mlimani juu ya ziwa. Nilishuka na hasira zangu. Wavuvi wale ni watu wa kuja, wametoka kila upande wa ziwa, na kila kitu kinachopotea huwa wamekichukua wao. Kiongozi wao alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama, sisi hatujakata," akasema. "Tuliomba kwanza. Wenye upande wa ziwani walitukatalia. Tukauliza upande wa mlimani, wakasema huo si wao, tukaombe kwa ukoo mwingine. Hatuwajui, tukaacha. Kuni tunanunua."

"Upande upi tena? Msitu si mmoja?"

"Msitu mmoja, lakini kila upande una ukoo wake. Mtu wa huku hausemei ule wa kule. Ukimuuliza anakaa kimya, ni mwiko kwake. Wewe si mwenyeji, mama?"

Nilikaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa na harufu ya dagaa ikanijaa puani, na mawazo yangu yote yalikuwa Kabuzi, kwenye ule mtoma, kwa mzee aliyekaa chini na kukataa kusema. Ta Kaijage alikuwa ameishiwa na upande wake, basi. Msitu ulikuwa unaendelea. Mvuvi mgeni alijua kwa sababu aliuliza na akangoja jibu.

Nilipaswa kurudi Kabuzi kesho yake. Sikurudi. Nilijiambia ramani ile haimdhuru mtu, imelala kabatini, na msitu unalindwa na watu wala si karatasi. Ni kweli ulikuwa unalindwa. Lakini sababu yenyewe ilikuwa aibu, nisiwafiche. Mzee Rwegoshora alikuwa bado hai, amestaafu, na kila nilipokwenda kumwona na kilo ya sukari nilipanga kumwambia, tukaongea habari za miti mpaka nikaaga. Nilimzika bila kumwambia.

Sasa njooni kwenye wiki zangu za mwisho ofisini, na hapa ndipo mkono unapotaka kukimbia. Adela mnamjua, ndiye aliyekalia meza yangu. Asubuhi moja aliingia anameremeta, jalada kifuani. Kampuni moja ilikuwa inatafuta ardhi ya kupanda misindano, ile misonobari ya mbao, kijiji cha Kabuzi kilitaka kuwapa, na yeye alikuwa ameombwa athibitishe eneo.

"Mama, nimepata eneo safi kabisa," akasema. "Nyasi na vichaka, halina mgogoro, limepakana na kigabiro tu. Na ramani ni ya kwako mwenyewe, kwa hiyo sina wasiwasi."

Akaitandaza mbele yangu. Rula yangu ileile. Ng'ambo ya mstari, penye maandishi yangu ya msichana mwenye haraka, mtu alikuwa amepaka rangi ya kijani kuonyesha mahali pa kufyeka. Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa baada ya siku nane.

"Adela," nikasema, "huu mstari niliutunga."

Hakuelewa. Nikamweleza yote, mlango umefungwa, nikilia kidogo na kufuta pua kwa ile karatasi ya mahudhurio. Yeye akauliza swali la kazi, Mungu ambariki: "Chemchemi inapata maji yake kutoka wapi?" Kutoka huko juu, nikasema, kwenye msitu ambao kwenye karatasi haupo. Chemchemi hiyo ndiyo inayojaza mabomba ya kijiji kizima. Mkuu wangu nilipomwambia alinihurumia. Alisema nimebakiza wiki sita, nisijiharibie mwisho, vijana watarekebisha taratibu. Taratibu gani, na mapanga yanaingia mwezi ujao. Tulichukua pikipiki saa hiyohiyo.

Ta Kaijage alikuwa mzee kabisa sasa, anatembelea mkongojo, lakini sauti bado iko chini kifuani. Nilisalimia ngazi zote. Nilitafuna kahawa. Nikakiri. Alinisikiliza huku akimkuna mbuzi wake kati ya pembe.

"Nilishangaa ulipoondoka mbio," akasema. "Nilifikiri mvua. Nilikuwa nakungoja useme nikupeleke kwa mwenye upande wa pili, nikukabidhi."

"Kwa nini hukuniambia, Ta?"

"Si nilikwambia nimekuonyesha kwangu. Ningesema zaidi ningekuwa nimeingia kwa watu. Nilifikiri mmesomea."

Adela alitazama pembeni ili asicheke. Kabuzi ina pande tatu, Ta Kaijage akaeleza. Wa chemchemi ni wake. Wa mgongoni ni wa Ma Nyakato. Wa kutazama ziwa ni wa ukoo ambao umekwisha kijijini, amebaki binti mmoja, yuko mjini Bukoba, na hajarudi tangu aolewe.

Ma Nyakato alikuwa kwenye kibanja chake anapogoa mibuni. Alikuwa amekwisha kusikia habari za misindano na hakuinua kichwa. "Wanasema karatasi ya serikali imeandika upande wa mama yangu ni nyasi," akasema. "Mimi nataka kumjua tu huyo aliyeona nyasi."

"Ni mimi, mae," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kihaya.

Mkasi ukasimama. Aliniangalia kuanzia gambuti mpaka kitambaa cha kichwani, na nikajua kwamba hata akinitukana nitakaa palepale. Hakunitukana. "Ulifika?" Nikasema sikufika. "Basi utafika," akasema. "Kesho kutwa, bila viatu, mwanzo mpaka mwisho. Na mumtafute yule binti wa Bukoba, Leokadia. Upande usio na msemaji watauchukua huo kwanza, halafu watarudi kwangu."

Kesho yake mjini Bukoba, mtaa wa Miembeni, tulizunguka maduka matatu kabla ya kumpata. Mama Leokadia alikuwa nyuma ya kaunta, mnene, nywele zimetiwa dawa, anakunja sare za shule. Adela alieleza vizuri kuliko mimi. Mama wa watu akaendelea kukunja.

"Mimi ni mtu wa mjini," akasema. "Niliondoka kule nikiwa msichana. Bibi yangu alikuwa ananipitisha, basi, nilikuwa mtoto tu. Sikumbuki kitu."

"Hakuna mwingine, mama."

"Najua hakuna. Niliwazika." Akakunja sare ya mwisho, akaiweka juu ya zile nyingine, akasimama akiitazama. Kisha akamwambia Adela amsaidie kushusha mlango wa duka.

Siku ile ya kuzunguka, nawaambia, katika kazi yangu yote sijawahi kufurahi namna hiyo. Asubuhi kilima kilikuwa kimejaa ukungu na ndege. Ta Kaijage alituanzisha kwenye chemchemi, polepole, mkongojo na kiganja, mlamula kwa mlamula, mpaka kwenye mtoma. Ma Nyakato alikuwa amekaa upande wa pili wa shina, hajavuka hata hatua moja. Ta Kaijage akatoa punje za kahawa mfukoni, akampa. "Nimewaleta." Ma Nyakato akatafuna. "Nimewapokea." Maneno hayo tu, na mimi vinyweleo vikanisimama. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekosa punje moja ya kahawa na dakika tano za kukaa.

Tukaingia mgongoni. Kile nilichokiita kichaka kilikuwa ukuta wa pembeni tu. Nyuma yake kulikuwa na misizi ambayo watu wanne wasingeikumbatia, na chini yake ardhi laini, nyeusi, inayobonyea. Ma Nyakato alipasua njia bila panga, kwa mikono, na kila alipofunua majani kulikuwa na mlamula. Nilikuwa napiga kelele kila mara kama mtoto aliyeokota senene wa kwanza wa msimu. Adela anabonyeza GPS, mimi nakagua kwa dira, tunasomana namba. Miguu yangu ilivuja damu na sikuwa na habari nayo. Ma Nyakato aligeuka mara moja akanikuta nimeushika mlamula kwa mikono miwili nacheka peke yangu. "Angalau sasa umeona," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hasira.

Kwenye jiwe linalotazama ziwa ndipo Mama Leokadia alipokuwa amekaa, viatu vya mjini kando yake, mkoba magotini. Kahawa ikapita. "Nimewaleta." "Nimewapokea," akajibu, kwa sauti ndogo. Akashuka hatua kumi akasimama. Mbele kulikuwa na miti na mitambaazi, hakuna alama yoyote. Akageuka kushoto, akageuka kulia. "Niliwaambia sikumbuki," akasema. Mimi roho ilikuwa mkononi. Upande ule ukipotea, mstari haufungi, na mstari usiofunga hauendi mkutanoni.

Akarudi kwenye mlamula wa mwanzo, akaushika, akaanza kuusalimia kwa Kihaya, salamu ndefu ile ya heshima ambayo watoto hufundishwa na bibi zao, akiulizia nyumba yake na watu wake. Alipomaliza salamu akanyoosha mkono bila kutazama, akafunua mitambaazi, na wa pili ulikuwa pale. Akausalimia nao. Bibi yake alimpitisha hivyo, kumbe, hakumfundisha njia, alimfundisha kusalimia, na njia ilikuwa imo ndani yake. Alipopotea alirudi kwa wa nyuma, akaanza upya. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, alikuwa na shughuli. Adela alibonyeza kila mlamula bila kusema neno, na mimi, amini msiamini, nilinyamaza kwa saa mbili nzima.

Tukasikia maji. Ta Kaijage alikuwa ameshuka kutoka kwenye mtoma, amekaa chemchemini anatungoja. Mama Leokadia akampa punje ya mwisho. "Nimewaleta."

"Nimewapokea." Akamtazama. "Umenenepa, Leoka."

"Na wewe umezeeka."

Adela akaniinulia kioo cha GPS. Mstari ulikuwa umefunga. Umbo lile kubwa lililopinda, halifanani na rula yoyote, na kile kipande changu cha zamani kimekaa kwenye pembe yake. Nilimkumbatia Adela, nikamkumbatia na Mama Leokadia, nikaenda kumkumbatia Ma Nyakato akanipa mkono tu.

Mkutano ulikuwa uwanjani pa shule ya msingi, watu wengi, vijana mbele. Mwenyekiti wa kijiji si mtu mbaya. Alisimama na ramani ya zamani akasema serikali ilikwisha kupima, eneo liko wazi, misindano italeta ajira. Vijana wakapiga makofi, na msiwalaumu. Nikaomba nafasi.

"Mwenyekiti amesema serikali ilipima," nikasema. "Serikali hiyo ni mimi. Sikupima. Nilipima upande mmoja, mvua ikanitisha, mwingine nikachora ofisini. Kisha nikasema uongo kwamba nimetembea."

Minong'ono ikapanda. Kijana mmoja mrefu akasimama. "Mama, kama ulidanganya ile, tutajuaje kwamba hii mpya siyo ya kutunga?" Swali zuri, na neno langu ndilo lililokuwa limeharibika.

Ta Kaijage akainuka kwa mkongojo. "Mimi nasemea wa chemchemi. Alama zake ni kama alivyochora." Akakaa. Ma Nyakato akainuka. "Mimi nasemea wa mgongoni. Ni kama alivyochora." Wazee wakaanza kutazamana, wakijua upande wa tatu hauna mtu. Mama Leokadia akainuka katikati ya wanawake, katika gauni lake la mjini, na wengine ndipo walipomtambua. Nikasikia jina lake likipita mdomo kwa mdomo. "Mimi nasemea wa ziwani," akasema. "Nilipita kwa miguu yangu juzijuzi. Ni kama alivyochora. Na anayetaka kuonyeshwa, nitakuwepo, nimemwachia mwanangu duka."

Adela hakulala usingizi, alikuwa na ramani ya pili, ya rweya iliyo ng'ambo ya barabara, nyasi za kweli hizo, akawaonyesha vijana mahali misindano inapoweza kukaa na ajira zao zikabaki. Yule kijana mrefu aliuliza maswali mengine matano, akaridhika. Mwenyekiti akaomba mikono. Ilipanda kuanzia mbele mpaka kwenye ukuta wa darasa. Kigabiro cha Kabuzi kikaandikwa kizima kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, pande zote tatu, na majina ya koo zinazousemea.

Siku yangu ya mwisho mlikuwa mnapamba ukumbi, mimi nilikuwa chumba cha majalada. Ramani ya zamani nilitaka kuichana. Adela alikataa, akasema jalada la serikali halichanwi, na ni mimi niliyemfundisha hivyo. Basi nikakaa, nikaitandaza. Sahihi mbili chini, yangu na ya Mzee Rwegoshora, herufi zake kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwa taabu. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni ya ule mstari wa rula: "Hapa sikutembea. Aliyesema uongo ni mimi. Mzee Rwegoshora alitia sahihi kwa kuniamini." Nikaweka tarehe na jina langu kamili, nikampelekea Adela agonge mhuri. Alisoma, akagonga, akanirudishia, na mimi nikairudisha jaladani kwa mikono yangu. Ndipo nikaja ukumbini, na wale mlioniuliza kwa nini macho mekundu, nilikuwa nimetoka kumwambia Mzee Rwegoshora.